Hadithi za mikasa kwa wavulana wa shule ya Jumapili: nizitungeje?

SeremalaRungwe ameuliza:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Niko Rungwe. Kazi yangu ni useremala, na Jumapili nafundisha watoto kwenye ushirika wetu wa Moravian. Nimekabidhiwa wavulana wa darasa la tatu hadi la sita. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kufundisha watoto kwa hadithi za safari na hatari, maana jambo hili limenikaa moyoni.

Wavulana hawa nawajua mpaka majumbani kwao. Asubuhi wanakata majani ya ng'ombe kabla ya shule, jioni wanabeba ndizi kwenda barabarani kunakosubiri magari ya mzigo. Msimu wa parachichi ukifika kuna vijana wakubwa wanaowatuma kupanda miti ya watu usiku, kwa sababu mtoto ni mwepesi na tawi halimvunjikii. Zinachumwa hata changa. Mtoto anapewa hela ya soda. Kwa hiyo nikisimama mbele yao nikasema "usiibe", pengine nasema na mtu aliyekuwa juu ya mti juzi usiku. Ananiitikia "ndiyo mwalimu" huku anaangalia dirishani.

Jumapili moja somo lilikuwa uaminifu katika mambo madogo. Niliweka kitabu cha masomo pembeni, nikawasimulia habari za ndugu wawili waliotumwa masika kupeleka dawa ng'ambo ya mto Kiwira, wakakuta kivuko kimebebwa na maji, ikabidi wapite juu ya Daraja la Mungu. Mnaolijua mnajua: ni jiwe la volkano, mto unapita chini yake, na mvua ikinyesha linateleza vibaya. Nilipofika mahali mdogo anaanguka na chupa ya dawa inabingirika kwenda ukingoni, darasa zima hakuna aliyekohoa. Walipotoka walibishana njia nzima mpaka njia panda: yule kaka aidake chupa, au aushike mkono wa mdogo wake? Sijawahi kuona watoto wakibishana juu ya somo langu baada ya sala ya mwisho.

Tangu hapo ninaandika. Nina hadithi ya mvulana anayeingia msitu wa mlima Rungwe kumtafuta kipunji, yule kima ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003 huku kwetu ilhali wawindaji wetu walikuwa wakimtaja kwa jina lake. Anakuta mitego. Anaushika waya wa mtego mmoja na kuutambua: ni ule ule uliofunga banda la kuku la baba yake. Hapo nimekwama, sijui nimpeleke wapi.

Maswali yangu ni haya.

Neno la Mungu likae wapi ndani ya hadithi? Nikimaliza kwa "basi watoto, tunajifunza nini?", nawaona wanavyopoa. Nisipomaliza hivyo, mzee mmoja wa kanisa ananiuliza nimefundisha nini ambacho hawakipati kwenye kibanda cha video. Ni swali la haki na nataka kulijibu vizuri.

Halafu kuna hatari yenyewe. Hawa ni watoto wa huku huku. Nikitaja Kijungu leo, lile shimo linalomeza mto Kiwira, kesho kuna atakayetaka kwenda Kijungu.

La mwisho ndilo linaloniumiza. Karibu kila hadithi ninayoijua, mwema anashinda. Anayesema kweli anapewa zawadi. Lakini mtoto mmoja wa darasa langu alikataa kupanda mti wa mtu, na wale wakubwa wakampiga. Alikuja kanisani jicho limevimba. Mwezi wa saba huwa nawasimulia habari za Jan Hus, mhubiri wa Bohemia ambaye kanisa letu la Moravian lina mizizi kwake, kwamba aliahidiwa usalama wa kwenda na kurudi, akaenda Konstanz, akakamatwa, akaambiwa akane mafundisho yake, akakataa, wakamchoma moto tarehe 6 Julai 1415. Mtoto yule yule aliwahi kuniuliza: kwa nini Mungu hakuzima moto? Ninatunga hadithi kwa ajili ya mtoto wa namna hiyo. Nimwandikie nini?

---

MwalimuMstaafuMakete amejibu:

Shalom kijana wangu. Nimesoma swali lako mara mbili, na la tatu ndilo nitakalolijibu zaidi, kwa sababu ukilipata hilo mengine yatafuata.

Nimefundisha shule ya msingi huku Makete mpaka kustaafu. Miaka ile ukimwi ulipoingia majumbani kwetu, nilikuwa na madarasa ambayo watoto wengi walilelewa na bibi. Mtoto aliyemzika mama yake, ukimwambia hadithi ya mvulana aliyeomba na mambo yote yakanyooka, anakuheshimu tu kwa sababu wewe ni mwalimu. Moyoni anajua hukumwambia kweli.

Nikahamia kwenye Danieli sura ya 3. Shadraka, Meshaki na Abednego tunawakumbuka kwa kutoka motoni bila hata harufu ya moshi. Lakini angalia walichomwambia mfalme kabla hawajatupwa: Mungu wetu aweza kutuokoa, na hata kama si hivyo, sanamu yako hatuisujudii. Hawakuwa wameisoma sura mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nafunga Biblia pale pale, kabla ya moto. Nawaambia watoto, nendeni nyumbani, tutaendelea wiki ijayo. Wiki nzima walitembea na watu watatu waliokwisha kuamua na hawajui litakalowapata. Walipokuja kusikia wameokoka, walishangilia, lakini ule uamuzi walikuwa wameshaupima wenyewe. Hus alisimama mahali pale pale walipokuwa wamesimama wale watatu. Moto wao haukufanana na wake, ila neno lao na lake ni moja. Mwambie hivyo mwanafunzi wako.

Kuna nyingine ambayo walimu wengi wanairuka: Matendo 23. Watu zaidi ya 40 wamekula kiapo kwamba hawali wala hawanywi mpaka wamemwua Paulo. Mtoto wa dada yake Paulo anasikia. Jina lake halikuandikwa. Anaingia ngomeni, anamweleza mjomba wake, anapelekwa kwa jemadari wa Kirumi, na jemadari anamshika mkono, anamvuta pembeni, anamwuliza. Fikiri mvulana aliye mbele ya mtu mwenye upanga, na nje kuna watu 40 wa mji wake wanaoweza kujua ni nani aliyesema. Usiku ule ule wanatoka askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200 kumsindikiza Paulo kwenda Kaisaria. Mvulana? Ameambiwa asimwambie mtu, basi. Hatusikii habari zake tena. Wavulana wangu waliniuliza kila mwaka: alirudije nyumbani? Wale 40 walimjua? Nilikuwa nawarudishia: wewe ungepita njia gani?

Kwa hiyo neno la Mungu likae wapi: kabla ya uamuzi. Bibi anachambua maharage, mjukuu anamsomea sura kwa sababu macho ya bibi yamechoka, anasoma huku anataka kwenda kucheza. Baadaye, msituni, mkononi ana ule waya, linamrudia. Ukiliweka mwishoni, mtoto anajua hadithi imekwisha na sasa anahubiriwa.

Na huyo mtoto aliyepigwa usimwandike. Darasa litamtambua, naye ataona umemweka hadharani. Nenda kwao. Kisha pamoja na wazazi mfike serikali ya kijiji kuhusu hao vijana wakubwa. Mtoto ametimiza sehemu yake, sasa ni zamu ya watu wazima, na yeye anatuangalia.

---

NenoTupuUyole amejibu:

Amani iwe kwenu. Naomba mnivumilie, nasema kwa upendo.

Tuna vitabu 66. Vita vimo, mapango yamo, dhoruba imo, Paulo anashushwa kwa kapu ukutani usiku. Kwa nini tutunge za kipunji? Hofu yangu si kwamba hadithi ni dhambi. Hofu yangu ni mtoto wa miaka tisa anayemsikia mwalimu yule yule, kwenye benchi lile lile, sauti ile ile, Jumapili moja akisimulia Danieli na Jumapili nyingine akisimulia habari za kutunga. Akikua akaambiwa ile ya Daraja la Mungu ilitungwa, atauliza na ya tundu la simba ilitungwa na nani. Nimeona vijana wakianguka kwa mlango huo.

---

MamaKihesa amejibu:

Kamwene wote, kutoka Iringa.

Ndugu wa Uyole, hofu yako nimeielewa na naiheshimu. Mimi wanangu nawaambia wazi kabla sijaanza: hii nimeitunga, hii imetokea, hii imo kwenye Biblia. Hawajawahi kuchanganya. Lakini mkumbuke na nabii Nathani, 2 Samweli 12. Hakumwendea Daudi na jina la dhambi yake mdomoni. Alimpelekea habari za tajiri mwenye mifugo tele aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu kwa kinywa chake, ndipo akaambiwa mtu huyo ni wewe. Nathani angeanza na hukumu, mfalme angemsikiliza mpaka wapi? Mvulana wa kwenye parachichi naye ana mlango wake umefungwa hivyo hivyo.

Sasa niseme la kwangu. Huku kwetu ukitaka wavulana wakae kimya, taja Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Tumewapeleka makumbusho ya Kalenga wakaliona fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954, na mwanangu wa pili akaanza kupigana vita vya Lugalo kila jioni uani, yeye Mkwawa, mdogo wake Zelewski, kamanda wa Wajerumani. Baba yao alifurahi. Mimi nilifurahi nusu. Ushujaa wanaouona ni mkuki tu.

Nikawageuzia upande mwingine wa habari ile ile. Kalenga, ngome yake, ilianguka Oktoba 1894. Mkwawa alikufa Julai 1898. Wajerumani walitangaza rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake, na bado kwa karibu miaka minne akawa anapita katika nchi hiyo hiyo, na kuna watu walikuwa wakimlisha na kumficha. Nikawaambia wanangu: leo wewe si Mkwawa. Wewe ni mtoto wa nyumba moja kijijini, umemwona mtu amelala ghalani kwenu, mama amekwambia usiseme, na askari yuko mlangoni anakuuliza kwa upole, mkononi ana hela. Hapo ndipo vipande 30 vya Yuda vilipata uzito kwao. Mkubwa aliniuliza kama kunyamaza ni sawa na kusema uongo. Tulizungumza mpaka ugali ukapoa, na sikumpa jibu la haraka kwa sababu si swali la haraka.

Kwamba Mkwawa alijiua, siwafichi. Wala simhukumu mbele yao. Tunasoma na 1 Samweli 24, Daudi yuko pangoni, adui yake Sauli ameingia peke yake, watu wake wanamnong'oneza amwue, naye anakata upindo wa vazi tu. Wavulana wangu wanaona ni ujinga! Nawaacha waone hivyo kwanza. Siku moja mdogo alikuwa amemshika kaka yake aliyekuwa amemvunjia gari lake la waya, ngumi juu, akamwachia. Hakusema kitu, mimi pia sikusema.

Ombi langu kwako Seremala: shujaa wako apike siku moja. Abebe mtoto mgongoni. Alie. Wavulana wetu wanalelewa waone hayo ni ya dada zao, kisha tunashangaa wanapokuwa waume.

---

KijanaWaNgosi amejibu:

Habari mwalimu. Nasindikiza wageni kupanda mlima Ngosi, kwa hiyo nijibu la hatari tu.

Kuficha jina la mahali hakusaidii, watakwenda. Weka hatari kwa undani wake. Usiandike "Kijungu ni pabaya". Andika maji ya Kiwira yanavyozama ndani ya lile shimo, kelele inavyomfanya mtu asimsikie anayemwita, ukoka na utelezi ukingoni ambapo mguu hauna pa kushika. Njia ya Ngosi pia, mwishoni ni mwinuko mkali na mvua ikinyesha udongo unageuka sabuni. Mtoto akilijua hilo ataogopa kitu chenyewe, si katazo lako.

Na andika safari moja ambayo shujaa anarudi. Ukungu umeshuka, bado kidogo afike, wenzake wanamwita mwoga, na yeye anasema tunarudi. Mimi kazi yangu ni hiyo, kuwaambia watu wazima waliolipa hela kwamba leo haturuhusu kwenda mbele. Inahitaji moyo kuliko kupanda. Sijawahi kuona hadithi inayomsifu mtu aliyerudi.

---

SeremalaRungwe amejibu:

Ndaga fijo wote. Mzee wangu wa Makete, nimekwenda nyumbani kwa yule mtoto, na baba yake amekubali twende pamoja ofisi ya kijiji. Ndugu wa Uyole, nitawaambia wazi kila mara kwamba nimetunga, hilo nimelipokea kwa moyo wote.

Hadithi ya waya nimeiweka kando kwanza. Usiku wa jana nimeandika nyingine, kutokana na jambo tunaloliona sana kwenye barabara zetu za mteremko. Naweka kipande:

*Ukungu ulikuwa haujainuka lori lilipopinduka kwenye kona ya juu ya mashamba ya chai. Lusajo na Gwakisa walisikia breki, kisha kishindo, kisha miguu ya watu wakikimbia. Walipofika, mifuko ya sukari ilikuwa imetapakaa mpaka mtaroni. Mama mmoja alikuwa ameshatandaza kitenge.*

*"Chukua ambao haujapasuka!" Gwakisa alisema.*

*Nyumbani kwa kina Lusajo sukari ilikwisha tangu msiba wa babu. Aliukumbatia mfuko wa kilo 25, akauburuta. Alipoinua kichwa akaona kiatu. Kiatu kilikuwa na mguu, na mguu ulikuwa unatikisika. Utingo alikuwa amebanwa na mlango wa lori. Watu walikuwa wanamruka.*

*"Mdogo wangu," utingo alisema, "linashuka."*

*Kweli, lilikuwa linashuka. Kila aliyepanda juu kuvuta mfuko, mlango ulizidi kukandamiza. Lusajo alitazama huku na huku atafute jiwe. Hakuna jiwe la kutosha. Akautazama mfuko wake. Akaurudisha, akausukuma chini ya mlango kwa mabega mpaka ukakaza. Mlango ukasimama, kisha ukaanza tena taratibu.*

*"Gwakisa! Lete wa kwako!"*

*Gwakisa alikuwa ameshafika juu, mfuko begani. Huko chini king'ora cha polisi kilikuwa kinasikika. Aligeuka akamtazama Lusajo, akautazama mfuko.*

Nimeandika mwisho wa namna mbili na zote mbili sizipendi. Katika wa kwanza Gwakisa anarudi, utingo anaokolewa, na mwenye lori anawalipia ada wote wawili. Katika wa pili harudi. Mnasemaje?

---

MwalimuMstaafuMakete amejibu:

Simamia hapo alipoutazama mfuko. Usisome zaidi Jumapili hiyo. Usiulize swali hata moja, fanya sala, waache waende. Watakuja wiki ijayo wakiwa wamegawanyika, na wengine watakuwa na habari ya shangazi aliyewahi kuleta nyumbani kitu cha kwenye ajali. Sikiliza hiyo bila kumhukumu shangazi wa mtu.

Luka 10, habari za Msamaria mwema, wasomee wiki hiyo ya pili, kabla ya kuendelea, ili watembee na barabara ya Yeriko kichwani.

Ada ya mwenye lori ifute kabisa. Lusajo arudi nyumbani mikono mitupu, jirani wanakunywa chai yenye sukari, na mama yake amwulize alikuwa wapi. Huyo mama umwandike vizuri, asiwe mbaya wala asimpongeze haraka. Ana watoto wa kulisha.

Jambo moja usiliache: ndani ya hadithi mtu mzima aulize lori limebeba nini kabla hajasogea. Watoto wajue lori la mafuta halisogelewi kabisa, hata kama kuna mtu analia. Hapo kazi ni kukimbia mbali na kuita watu.

---

NenoTupuUyole amejibu:

Nimeisoma kwa sauti nyumbani. Mwanangu anataka kujua utingo anaitwa nani.

---

SeremalaRungwe amejibu:

Mwambie anaitwa Ambilikile, kwao ni Vwawa, na hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza na lori lile. Nitamwongeza ndani, asiendelee kuitwa utingo tu.

Ada nimeifuta. Mama wa Kihesa, sehemu ya pili inaanza Lusajo akiwa jikoni anasonga ugali, mdogo wake mgongoni, anamsubiri mama arudi kutoka kuchuma chai. Swali la "lori limebeba nini" nimempa dereva wa bodaboda aliyesimama pale barabarani. Jumapili hii naishia kwa Gwakisa.